Siku Mariam Poni Alipotembezwa Arua

Watu wa Koboko husema Mariam Poni alizaliwa amebetua mdomo. Ati mkunga alipompokea, mtoto alimtazama mkunga, akamtazama mama yake, kisha akageuzia uso ukutani. Ni uzushi, maana wote waliokuwapo siku ile wamekwisha kutangulia mbele ya haki na hakuna wa kuulizwa. Lakini kila aliyewahi kununua nguo kwenye meza yake pale sokoni anauamini uzushi huo bila kudai shahidi.

Mariam huuza mitumba. Mwingine angemsifia mteja, angemwambia nguo imemkaa kama iliyoshonwa kwa ajili yake. Yeye hapana. Mtu akinyanyua shati, Mariam humpandisha na kumshusha kwa macho, halafu husema, "Hiyo weka chini. Shingo yako iko fupi." Au, "Nunua kama unataka, lakini hii rangi inataka mutu mwenye uso." Na bado watu walikwenda kwake kwa sababu hakuwahi kumficha mtu tundu wala doa. Walitukanwa, wakalipa, wakaondoka na nguo nzima.

Alikuwa mtoto wa sajini. Alizaliwa katika kambi ya jeshi Jinja, akakulia humo, akasoma humo, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Serikali ilipopinduliwa, nao askari wa kwao wakakimbia kuelekea kaskazini, Mariam alikuwa msichana anayeanza kuvunja ungo. Walipita Koboko bila kutua mizigo, wakavuka mpaka hadi Sudan, na huko wakakaa miaka ya ukimbizi mpaka hali ilipotulia wakarudi. Jinja hakuirudia tena. Lakini aliibeba kichwani kama mwanamke abebavyo mtungi, na tangu hapo hakuna mji uliopata kufikia magoti ya Jinja. Koboko ilikuwa kituo cha malori. Juba ilikuwa vumbi. Kampala, aliyoiona mara moja tu alipokwenda kumtazama mwanawe Swadiki, ilikuwa kelele zilizojengewa nyumba.

Mumewe alikuwa amekufa miaka mingi, na hakuna aliyethubutu kumposa, mpaka alipotokea mzee mmoja wa Arua aliyefiwa na mkewe, aitwaye Yasiri. Mzee huyo alimwona kwenye matanga kule Abuku, akauliza huyu ni nani, akaambiwa, akaonywa, naye hakusikia. Alimwendea Kamisi, mdogo wake Mariam wa kiume, mwenye duka la misumari na mabati.

Kamisi akaja kwa dada yake na kikofia mkononi.

"Dada, kuna mutu iko na nia njema."

"Nia njema kila mutu iko nayo asubuhi. Ngoja jioni."

"Hataki jibu sasa. Anasema uende kwanza Jumamosi moja, akutembeze Arua, uone mji wake. Baadaye ndiyo useme."

"Arua imekuwa mji lini?"

"Dada! Serikali ilishaifanya jiji. Inaitwa Arua Siti."

"Hata punda unaweza kumpa cheo cha meja," Mariam akasema. "Atabeba kuni ileile."

Arua aliijua, maana ndiko alikonunua marobota yake ya nguo. Lakini alikuwa akienda moja kwa moja hadi bohari, akipakia, akigeuza, bila kuinua macho. Kutembea Arua kwa ajili ya kuitazama tu lilikuwa jambo lisilowahi kumpitia akilini. Hata hivyo alikubali. Alijiambia kwamba yeye si mtu wa kumkataa mwanamume ambaye hajamwona mchana kweupe; kwanza amtazame, ajue anakataa nini.

Kwenda peke yake haikufaa, kwa hiyo alimchukua Keji. Huyu alikuwa binti wa Sudan Kusini, kutoka upande wa Yei, aliyeletwa na vita hadi kambi ya wakimbizi kule Omugo, na kutoka Omugo akajisogeza mpaka Koboko kuuza samaki wakavu meza ya jirani na Mariam. Keji aliposikia habari ya matembezi alicheka peke yake siku nzima kama anayeolewa yeye.

Ikafika Jumamosi ya pili baada ya Idi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki ile, na ile nchi iliyokuwa imeungua tangu Desemba ilikuwa imefunikwa na kijani kichanga, vumbi limelala, hewa inanukia udongo. Kamisi aliwapakia katika Korola yake, maana naye alikuwa na shughuli zake Arua. Njia nzima kupitia Maracha Keji alikuwa amebandika uso dirishani. Wanawake walikuwa wameinama mashambani wakipanda karanga.

"Mama, tazama majani inavyotoka! Jana hapa ilikuwa majivu."

"Majani," Mariam akasema. "Hata kaburi linaota majani."

Yasiri alikuwa akiwangoja mjini, kwenye mzunguko wa barabara, amevaa kanzu nyeupe na koti la kahawia. Mariam alimpima kabla gari halijasimama. Mfupi. Mikono mikubwa, imejaa alama ndogondogo za kuungua, maana alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Lile koti lilikuwa mtumba, tena si wa daraja la kwanza. Mikono ya koti ilipunguzwa na fundi cherehani aliyekuwa akisinzia, mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi hadi kwenye soli. Mtu anayepaka rangi soli, Mariam aliwaza, huyo atapaka rangi hata uwongo.

"Salaam aleikum, Mama Swadiki. Karibuni Arua. Binti yangu, karibu."

"Wa aleikum salaam. Tumefika," akajibu Mariam, kwa sauti ya mtu aliyefikishwa mahakamani.

Kamisi akawaacha, akaondoka haraka kama anayekimbia moto aliouwasha mwenyewe.

Wakaanza kutembea. Yasiri alikuwa na mpango wake, nao ulionekana usoni, maana kila walipokaribia kitu alichokusudia kukionyesha hatua zake ziliongezeka kasi. Kwanza aliwaonyesha taa za barabarani.

"Hii yote usiku inawaka. Mutu anaweza kuokota sindano."

"Sasa ni mchana," Mariam akasema.

Akawaonyesha jengo la vioo vya buluu, na Keji akasimama kujitazama humo, akarekebisha kitambaa chake kichwani. Mariam aliona nyuma ya kile kioo mifuko ya saruji iliyopangwa na mtu amelala juu yake. Akawaonyesha benki, na benki nyingine. Mariam aliuliza kama watu wa Arua wana pesa nyingi hivyo au wana woga mwingi. Pikipiki zilikuwa zikiwapita kushoto na kulia, zikipiga honi bila sababu, na mbuzi wawili walikuwa wamesimama katikati ya barabara mpya kama waliotumwa na serikali kuikagua.

"Na hii nayo iko ya siti?" Mariam akauliza, akiwaonyesha mbuzi kwa kidevu.

Yasiri akacheka kidogo. "Mbuzi walitangulia kufika, Mama Swadiki."

Jibu lilikuwa zuri, na Mariam alilitambua. Hakumpa hata tabasamu.

Soko jipya lilikuwa la ghorofa, na Yasiri aliwapandisha ngazi polepole ili wafaidi. Keji alishika kingo akachungulia chini, akaona vichwa vya watu na mafungu ya nyanya na mihogo, akapiga kelele ya furaha. Juu kulikuwa na wafanyabiashara wa vitenge, na mmoja wao alikuwa mama mnene kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, ametandaza mali yake mpaka njiani. Yasiri alimwomba Mariam achague kimoja kama zawadi ya ugeni.

Mariam alishika pindo la kitenge chekundu, akalilowesha kwa mate, akalisugua kwa kidole gumba. Kidole kikatoka chekundu. Akakiinua juu wote wakione.

"Hii ukiivaa kwenye mvua, utafika nyumbani watu watauliza nani amekuchinja."

Wateja wawili waliokuwa wakipima vitenge wakaviweka chini, wakaondoka. Mama wa Kongo akaweka mikono kiunoni.

"Mama, ulikuja kununua ao ulikuja kutukana mutu?"

"Nilikuja kutazama. Nimetazama."

Mariam akatangulia. Alipogeuka akamwona Yasiri amebaki nyuma, amemwinamia yule mama, anamwomba radhi kwa sauti ya chini, na kitenge kile kile chekundu kinafungwa kwenye karatasi. Alikinunua! Mariam alihisi dharau ikimpanda kama kiungulia. Mwanamume gani huyu, anunue kitu kibovu kwa sababu tu ameingiwa na huruma? Yasiri aliwafikia, akampa Keji.

"Binti, utaivaa siku ya jua."

"Asante, Baba!" Keji akakivaa palepale begani.

Kutoka sokoni wakafuata barabara moja yenye maduka ya simu pande zote mbili, na hapo Yasiri akasimama bila kuonyesha kitu chochote. Palikuwa na duka, na duka, na kijana akipiga muziki kwenye spika. Mariam akangoja.

"Mimi nilizaliwa mtaa wa Oli, huko chini," Yasiri akasema. "Wakati wa vita tulikimbilia Kongo. Niliporudi nilikuwa kijana. Nilisimama hapa, hapa hasa. Barabara hii ilikuwa na nyasi inanifika kiunoni. Nyumba hazikuwa na paa hata moja. Hakuna mutu, hakuna mbwa. Nilimsikia ndege mmoja tu, nikakaa chini nikalia." Akanyoosha mkono wake wenye alama za moto kuelekea maduka. "Milango hii, mingi nilichomelea mimi. Ule pale. Na ule. Kwa hiyo nikipita hapa na kusikia hii kelele yote, moyo wangu unatulia."

Keji alishika kitenge chake kifuani, akaitazama ile barabara kana kwamba anaangalia nyingine iliyo mbali. Mariam naye alikuwa na la kusema, na lilikuwa la kweli, kwamba yeye pia aliwahi kupita mji usio na watu akiwa amemshika mama yake pindo la gauni. Lilimfika kooni. Lakini ulimi wake ulikuwa na njia yake iliyozoeleka, kama ng'ombe anayerudi zizini mwenyewe.

"Na mkaondoa nyasi," akasema, "mkapanda simu."

Yasiri akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo. Tulipanda simu."

Tangu hapo hatua zake hazikuongezeka tena.

Wakateremka Oli kula chakula cha mchana. Ilikuwa hoteli ndogo ya mama mmoja Mnubi, yenye mabenchi na kitambaa cha plastiki mezani, na tangu mlangoni kila mtu alimwamkia Yasiri. Wazee walimwita jina. Wanawake walitoka jikoni kumpa mkono. Mariam aliketi akihesabu makosa: kitambaa cha meza kimetoboka, nzi, ukuta umechorwa simba anayefanana na paka mgonjwa. Na huyu mwanamume anayependwa na kila mtu, aliwaza, ni wa kutiliwa shaka. Anayependwa na wote hajawahi kumwambia yeyote ukweli.

Chakula kilikuwa kimeagizwa tangu jana. Kukaletwa gurusa, ule mkate mpana laini wa Kinubi, pamoja na kuku wa mchuzi na mboga ya bamia. Keji alikula kwa mikono miwili. Mariam alionja, akasogeza sahani kidogo.

"Chumvi imepita."

"Mama, hakuna chumvi imepita," Keji akasema, mdomo umejaa.

"Wewe unauza samaki ya chumvi. Utajuaje?"

Yasiri akataka kubadilisha hewa. Alisema amesikia kwa Kamisi kwamba Mama Swadiki alizaliwa Jinja. Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, uso wa Mariam ulifunguka. Alieleza kambi ilivyokuwa, nyumba zimepangwa kwa mstari, nyua zinafagiliwa kila asubuhi kabla ya tarumbeta. Alieleza taa za kiwanda zinavyowaka usiku ng'ambo ya mto, na baba yake akimpeleka Jumapili kwenye daraja kuyatazama maji ya Nile, yeye amevaa soksi nyeupe, baba akimnunulia biskuti za kopo. Watu wa mji ule walikuwa wakitembea taratibu, alisema. Hakuna aliyepiga honi. Hata Wahindi walikuwa wanamwamkia baba yake.

Yasiri alisikiliza bila kutafuna. Mariam alipomaliza, mzee akasema kwa upole, "Mji mzuri. Mimi kabla ya uchomeleaji niliendesha lori miaka mingi, Mombasa mpaka Juba. Jinja nililala sana. Hata mwaka jana nilipita. Imebadilika, Mama Swadiki. Kama utapenda, siku moja tunaweza kwenda, nikuonyeshe..."

"Hukuiona."

"Nililala pale mara nyingi."

"Nasema hukuiona. Dereva anaona lami tu. Wewe utanionyesha mimi Jinja? Mutu wa kushangaa taa za barabara?"

Sauti yake ilifika mpaka jikoni. Mama mwenye hoteli akatoa kichwa mlangoni. Yasiri alikunja kipande cha gurusa kilichobaki mkononi, akakirudisha kwenye sahani, akanawa.

Alikuwa bado na jambo moja katika mpango wake, nalo ni kilima cha Arua. Mariam alidhani ataahirisha. Hakuahirisha. Wakachukua pikipiki hadi chini ya kilima, kisha wakapanda kwa miguu kati ya mawe, Keji mbele, Mariam katikati, Yasiri nyuma akihema. Njiani Mariam alikuwa akinoa maneno yake. Alikwisha kuamua tangu kwenye soli zile zilizopakwa rangi, na sasa ilibaki kutamka. Angesema: Baba, wewe iko mutu mzuri, lakini mji wako mdogo na koti yako kubwa. Alilisema moyoni, akalipenda, akalirudia.

Juu kulikuwa na minara ya simu, upepo, na kibanda cha mlinzi. Mji wote ulikuwa chini yao, mabati yaking'aa, vilele vya mikaratusi, uwanja wa gofu umekuwa kijani kibichi kwa mvua za wiki. Keji alikimbilia kwenye jiwe refu kujipiga picha na kitenge chake. Yasiri akaonyesha kwa mkono mlima Wati upande wa mashariki, umevaa wingu, na upande wa kaskazini, kule mbali palipo na ukungu.

"Koboko iko huko."

Mariam akakusanya pumzi. "Baba Yasiri..."

"Ngoja kwanza, Mama Swadiki. Nataka kusema kabla mvua haijafika." Alivua kofia yake akaishika. "Mimi nilitaka kukuoa. Mpaka leo asubuhi nilitaka. Sasa, unisamehe, nimeacha."

Mariam alisikia kila neno na hakuelewa hata moja.

"Umeacha nini?"

"Kutaka."

Upepo ulipita kati ya nguzo za minara ukipiga mluzi. Hakukusudia kuuliza, yeye, Mariam Poni, hakuwahi kumuuliza mtu kwa nini hampendi, maana hakuwahi kujali. Mdomo ukauliza wenyewe.

"Kwa nini?"

"Leo nilikuonyesha kitu ninazopenda. Zote. Sina nyingine nilizoficha. Na wewe ulizikanyaga moja, nyingine, nyingine. Labda iko haki yako. Labda kweli hazina maana. Lakini mimi nimezeeka. Jioni nikirudi nyumbani nimefurahi, sitaki mutu wa kuniuliza umefurahia nini."

Mariam alijifunga upya mtandio uliopeperushwa na upepo.

"Mimi nilikuja kukukataa," akasema.

"Najua. Nilijua tangu pale barabarani. Nimekutangulia kidogo tu."

Alisema bila kejeli. Hilo ndilo lililomuuma. Laiti angemdharau, wangekuwa katika uwanja wake, na angemshinda. Lakini mzee huyu mfupi alimtazama kama mtu anavyotazama duka lililofungwa: hana kinyongo nalo, anakwenda kwingine.

Mvua ikafika. Iliwapiga ghafla kutoka nyuma, matone mazito, na wote watatu wakakimbilia kibanda cha mlinzi. Yasiri alivua koti lake akamfunika Keji, kisha akaanza kuzungumza na mlinzi juu ya mahindi, kama yamepandwa mapema mno. Mariam alisimama akiwa amegusa ukuta wa mabati, maji yakimchuruzika usoni. Alijiona kama nguo iliyogeuzwa ndani nje mezani, mishono yake yote hadharani, na mteja ameitazama vizuri, tena kwa heshima, kisha akaiweka chini.

"Mama, kuna nini?" Keji akanong'ona.

"Kuna mvua. Huoni?"

Mvua ilipokatika Yasiri aliwashusha, akimshika Mariam mkono penye utelezi, akawasindikiza mpaka Kamisi alipowakuta. Aliwatakia safari njema. Aliwafungia hata mlango wa gari.

Walikuwa wamekwisha kuuacha mji nyuma Kamisi alipokohoa.

"Ehe, dada. Jibu iko?"

"Iko."

"Najua. Umemkataa."

Mariam angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angejua, maana Yasiri si mtu wa kutangaza. Alitazama mashamba yaliyolowa.

"Yeye ndiye amenikataa."

Kamisi aliweka gari pembeni ya barabara. Aliinamia usukani, mabega yakaanza kutikisika, na paji la uso wake likagusa honi, ikalia ndefu, ng'ombe wakakimbia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipotaka kuomba radhi akacheka tena.

"Endesha gari, mpumbavu wewe," Mariam akasema.

"Mama," Keji akasema taratibu kutoka kiti cha nyuma, "mimi ningekuwa mwanamume, nami ningekukataa. Kweli. Mzee alilia juu ya mji wake, wewe ukamwambia habari ya simu. Mimi Yei yangu iko na nyasi sasa hivi."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mariam maneno kama hayo, sembuse muuza samaki. Walipokwisha kupita vituo viwili, alisema kwamba kitenge kile kitachuja rangi, Keji akifue peke yake, kwa maji baridi na chumvi. Ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumwomba mtu radhi, na Keji alikuwa amekaa naye muda wa kutosha kulijua hilo.

Siku ya soko iliyofuata Mariam alitangaza mwenyewe, kabla hawajaanza kunong'ona. Alisimama nyuma ya meza yake akakung'uta suruali, akasema kwa sauti, "Nimekataliwa. Na mutu mfupi, mwenye mikono ya koti haifanani. Nani anataka kucheka, acheke sasa, baadaye tuna kazi." Watu hawakuamini. Wengi waliona ni njia mpya ya kuwatukana.

Mwezi wa Juni alikwenda Arua kuchukua robota. Bohari lilikuwa palepale, na njia ya kurudi ni ileile, lakini safari hii alimwambia dereva apitie Oli. Hakujua anakwenda kufanya nini. Alimkuta Yasiri nje ya karakana yake, amepiga goti mbele ya geti refu la chuma lililochorwa maua, miwani myeusi usoni. Mzee akazima moto, akainua miwani.

"Mama Swadiki!"

Mariam alilizunguka lile geti. Alilitazama juu, alilitazama chini.

"Nani atanunua hii? Imepinda. Na maua gani hii, kama miguu ya kuku?"

Yasiri akaanza kucheka. Hakuwa amecheka hivyo Jumamosi ile, hata mara moja. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye chuma chakavu, akijifuta macho kwa kiganja cheusi. Maneno yalikuwa yaleyale. Tofauti ni kwamba sasa hayangelala nyumbani kwake. Akamwita mkewe aje amwone mgeni, na akatoka mama mmoja mchangamfu, Driwaru, wa Adumi, aliyeolewa mwezi uliopita, akileta benchi na chai kwenye birika.

Mariam alimpandisha na kumshusha. Mwanamke mzima, mwenye nguvu, mwenye uso wa kucheka. Afadhali, aliwaza. Akanywa funda moja la chai.

"Hii umechemsha majani au umeyaonyesha maji tu?"

Driwaru hakukasirika hata kidogo. Alimnyooshea birika. "Basi pika wewe, dada, nami nijifunze."

Mariam Poni akasimama, akakunja mikono ya gauni lake, akaichukua birika na kuelekea jikoni, huku akieleza kwa sauti ya kufika barabarani kwamba hata hilo jiko lenyewe wamelielekeza upande mbaya wa upepo.